Kwa Marquel, Aliyenunua Kisanduku

Dola kumi na mbili ulizonipa Jumamosi
zimenunua bati, bawaba yenye kutu na trei tatu za vyambo.
Hazikununua maarifa. Hayo nakuongezea bure,
kwa sababu nilikuona pale uani
ukijaribu mshipi, ukikaza fundo likiwa kavu,
nikauma mdomo.

Fundo hutiwa mate kwanza, kijana.
Mate, kisha polepole.
Mshipi mkavu hujichoma kwa msuguano wake wenyewe,
na hukatika siku ile tu samaki ni wa kusimuliwa.

Trei ya juu ni minyoo ya plastiki.
Wa kijani, rangi ya tango lililosahauliwa, ni wa maji maangavu.
Mweusi mwenye chembe za buluu ni wa siku
mvua imeshusha tope la mashamba ya soya ya kina Haskew.
Ncha ya ndoana ifiche mwilini mwa mnyoo
ipite visiki bila kushika,
maana Bwawa la Pruett lilizamisha msitu mzima
mwaka wa sitini na moja
na miti bado imesimama huko chini
ikikusanya vyambo vya watu wenye haraka.

Tupa. Uache uzame.
Hapo ndipo wengi hushindwa, kwenye kuacha.
Besi hali kwa njaa peke yake;
hula kwa kuwa kitu kimepita mlangoni pake
bila kupiga hodi.
Tazama mshipi, usitazame maji.
Mshipi ukishtuka kama mshipa wa shingo,
au ukienda kando ilhali hukuutuma,
usijiulize mara mbili.

Ila chura wa mpira ana sheria yake.
Utamburuza juu ya mayungiyungi, maji yatapasuka
kama mtu katupa tofali,
na mkono utataka kuvuta hapo hapo.
Sema kwanza, "Mungu nihurumie," yote, hadi mwisho,
ndipo uvute.
Orval hakuwahi kufika "nihurumie."
Ndiyo maana chura wake bado ni mpya.

Na kidole gumba kisitoke kwenye rili.
Kikitoka, mshipi utajisuka kiota cha ndege
na asubuhi yako yote italala humo.

Mwezi wa nne, miti ya barabara ya kanisa ikitoa maua meupe,
utawaona madume kwenye maji ya magoti
wakifagia changarawe kwa mkia, wakilinda mayai.
Utawapata kirahisi. Waache.
Anayemgongea mlango mwenye kulea
si mvuvi, ni mdai.

Trei ya chini yumo samaki wa mbao, rangi imebanduka,
hana ndoana hata moja.
Usije kunidai nusu dola. Si mbovu.
Mwaka wake wa mwisho Orval alizing'oa kwa koleo.
Alitaka kugongwa tu, ausikie ule mshtuko kiganjani,
kisha kila mtu aende zake.

Jambo moja zaidi, na ulimi wangu unawasha.
Dukani kwa Stuckey, juu ya friji ya minyoo hai,
kuna picha yake na besi wa ratili kumi na moja.
Tabasamu ni lake.
Samaki ni wangu.
Nilimpata nikishika usukani kwa goti,
kwa mnyoo wa zambarau niliokuwa nimeukata mkia kwa meno
kwa sababu nilichoka kusubiri mkasi.
Alisema watu hawataamini. Nikamwachia ukuta,
na yeye, nyumbani, kwa miaka kumi na tisa,
hakuwahi kuosha sahani akanyamaza juu ya hilo.

Sasa fungua kisanduku uhesabu vizuri.
Hutaona mnyoo wa zambarau hata mmoja.
Sikusahau.

Jumamosi ijayo, kabla ya mwanga,
nitakuwa upande wa ukuta wa bwawa, mashua ya kijani.
Nipungie mkono ukipenda.
Ila zima mota mapema, uje kwa kasia:
wanasikia.